Kwa nini mkeka wa Drafti ya NFL huchanika, na namna ya kuusuka kwa akili

Drafti ni zoezi ambalo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, na mkeka wake ni ubashiri wa nani atachukuliwa wapi. Shedeur Sanders, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliingia Drafti ya Aprili 2025 akiwa raundi ya kwanza kwenye mikeka mingi ya wabashiri. Alhamisi usiku raundi ya kwanza ikaisha jina lake halijatajwa. Ijumaa zikapita ya pili na ya tatu. Cleveland Browns walimchukua Jumamosi, raundi ya 5, nafasi ya 144, tena wakiwa wameshamchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, siku iliyotangulia katika nafasi ya 94.

Kukosea kwa zaidi ya nafasi mia moja hakuelezwi na bahati mbaya peke yake. Wengi waliomweka Sanders juu walikuwa wakijibu swali la kama anajua mpira. Mkeka wa drafti unauliza jambo jingine: watu wa ofisi 32, kila ofisi na daktari wake, kocha wake, bajeti yake na hofu yake ya kufukuzwa kazi, wataamua nini wakiwa na dakika chache mkononi? Maswali haya mawili lazima yatenganishwe tangu mwanzo, kwa sababu ushahidi unaofaa kwa la kwanza mara nyingi hupotosha la pili.

Foleni inavyopangwa

Kwa anayeitazama futiboli ya Kimarekani kwa mbali: NFL haina akademia za vijana kama klabu za soka. Wachezaji hukomaa vyuoni, na mchezaji anaruhusiwa kuingia drafti miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari. Timu ni 32 na raundi ni 7, kwa hiyo nafasi za msingi ni 224. Juu yake huongezwa nafasi za fidia, kuanzia mwisho wa raundi ya 3, kwa timu zilizopoteza wachezaji mikataba yao ilipokwisha. Mwaka 2024 na 2025 jumla ilikuwa 257. Timu 18 zilizokosa mtoano hutangulia, mbovu kuliko zote ikiwa ya kwanza. Kisha hufuata zilizotolewa kwenye mtoano hatua kwa hatua, aliyefungwa kwenye Super Bowl, yaani fainali, akiwa wa 31 na bingwa wa 32. Timu zikilingana matokeo, hutangulia ile iliyokuwa na ratiba nyepesi, kwa hoja kwamba ilishindwa na wapinzani dhaifu zaidi.

Kalenda nayo ina maana yake, maana kila mwezi huleta ushahidi wa aina yake. Katikati ya Januari hujulikana nani anaondoka chuoni mapema. Baada ya hapo kuna Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wa vyuo mjini Mobile, Alabama, ambako maskauti (wasaka vipaji) hujali mazoezi ya wiki nzima kuliko mechi yenyewe. Mwisho wa Februari huanza kambi ya vipimo ya Indianapolis, inayoalika wachezaji zaidi ya 300. Machi kila chuo hufanya siku yake ya vipimo, na katikati ya mwezi huohuo soko la wachezaji huru hufunguliwa. Kabla ya drafti yenyewe, inayofanyika mwishoni mwa Aprili, kila timu huruhusiwa kuwaita makao makuu wachezaji 30, mbali na wale wa eneo lake.

Anza na ubao, timu zije baadaye

Anayeanza hufanya hivi: anachukua timu ya kwanza kwenye foleni, anaitafutia pengo, analijaza kwa jina, anahamia ya pili, hivyo hivyo hadi ya 32. Hesabu inamkataa mapema. Hata kama ana uhakika wa asilimia 60 kwa kila moja ya nafasi tano za mwanzo, uwezekano wa kuzipata zote tano hauzidi asilimia 8. Na hasara haiishii hapo: akikosea nafasi ya 3, mchezaji aliyempanga pale bado yupo sokoni na mwingine ameondoka, kwa hiyo nafasi ya 4, ya 5 na ya 6 zote zinacheza mchezo tofauti na ule alioupanga.

Afadhali kuanza na ubao wa pamoja, yaani orodha moja ya wachezaji wote kwa mpangilio. Kusanya orodha 30 au 40 za wachambuzi. Zile za ubora ziweke safu yake, na mikeka safu yake, maana orodha ya ubora husema mchambuzi anaamini nini, na mkeka husema anasikia nini. Kwa kila mchezaji chukua namba ya katikati badala ya wastani. Mtu mmoja aliyemweka kijana nafasi ya 150 anaweza kuuburuta wastani wote. Kisha tazama upana. Mchezaji ambaye kila mtu anamweka kati ya 8 na 14 si sawa na mwenye katikati ya 11 lakini orodha moja inampa 4 na nyingine 45. Umbali nao upimwe kwa uwiano: kutoka 2 hadi 8 ni mamilioni ya dola, kutoka 102 hadi 108 hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana wanaotumia kompyuta hufanya hesabu kwa logi (logariti) ya namba ya nafasi, si namba yenyewe.

Hapa pana mtego. Orodha 40 si maoni 40. Wachambuzi husomana, huogopa kubaki peke yao, na wengi wenye orodha hizo hawajawahi kupigiwa simu na mtu wa timu. Kosa moja likishaingia hunakiliwa, na wingi wa nakala unaonekana kama makubaliano. Kwa hiyo zipe uzito mkubwa orodha za watu wenye mizizi ndani ya ofisi hizo. Daniel Jeremiah wa NFL Network, kwa mfano, aliwahi kuwa skauti wa Baltimore, Cleveland na Philadelphia. Punguza pia uzito wa orodha yoyote iliyopita wiki tatu. Timu zenyewe huanza na alama za pamoja: taasisi mbili za maskauti, National na BLESTO, huwapatia wanachama wao alama za awali za wachezaji wa mwaka wa mwisho hata kabla msimu haujaanza. Kijana aliyeanza chini kwenye alama hizo ana mlima wa kupanda, hata akicheza vizuri Oktoba.

Bei ya kila namba uwanjani

Ubao ukishatulia, urekebishe kwa namba ambayo mchezaji anacheza. Makundi matano hupandishwa juu ya ubora wao: makwotabeki; walinzi wa pembeni wa safu ya mbele (wanaomkinga kwotabeki); wavamizi wa pembeni (wanaomkimbilia kwotabeki wa upande wa pili); wapokeaji; na mabeki wa pembeni wanaowakaba hao wapokeaji. Wote wako karibu na pasi, na pasi ndiyo mchezo wa leo.

Sababu nyingine ni mshahara, na hii wengi huisahau. Tangu makubaliano ya kazi ya 2011, mkataba wa kwanza hutegemea nafasi uliyochaguliwa, si namba unayocheza. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alihakikishiwa dola milioni 50. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye chaguo la kwanza na naye kwotabeki, akasaini mkataba mzima wa takriban milioni 22. Kukosea kwotabeki kukawa hasara inayobebeka, na kumpata aliye mzuri kukawa nafuu kubwa kwa miaka minne. Kwa mantiki hiyohiyo, mlinzi wa ndani au beki wa nyuma aliyechukuliwa wa 8 analipwa sawa na mvamizi wa pembeni aliyechukuliwa wa 8, wakati sokoni wakongwe wa namba hizo hawakaribiani kwa bei.

Waliopoteza zaidi ni wakimbizaji mpira. Mwaka 1996 Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyecheza Michigan, alichukuliwa na Carolina Panthers nafasi ya 8, na alikuwa mmoja wa wakimbizaji watatu waliotoka ndani ya nafasi 14 za mwanzo. Hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 2022 na 2024 raundi ya kwanza yote ilipita bila mkimbizaji hata mmoja. Lakini usigeuze punguzo kuwa marufuku: Bijan Robinson alitoka wa 8 na Jahmyr Gibbs wa 12 mwaka 2023, na Ashton Jeanty wa 6 mwaka 2025. Kwa vitendo, mkimbizaji aliye wa 25 kwenye ubao mhesabu kama wa 40. Aliye wa 5 muache karibu na hapo alipo.

Kwotabeki ana hesabu yake

Makwotabeki waondoe kabisa kwenye ubao na uhesabu viti. Timu ngapi hazina wa kuanza naye Septemba? Kati ya hizo, zipi zina nafasi za juu? Viti vikiwa vitatu na vijana watano, wa nne hashuki ngazi moja, huanguka. Mwaka 2005 San Francisco walimchukua Alex Smith wa kwanza, na Aaron Rodgers akakaa akisubiri hadi nafasi ya 24, kwa kuwa wengi waliokuwa katikati walikuwa na mtu wao. Mwaka 2022 raundi ya kwanza ilimtoa kwotabeki mmoja tu, Kenny Pickett, nafasi ya 20. Malik Willis, aliyekuwa raundi ya kwanza kwenye mikeka mingi, akasubiri hadi ya 86. Mwaka 2024 upepo ukageuka: makwotabeki sita ndani ya nafasi 12.

Mmoja wa hao sita ni somo peke yake. Atlanta Falcons walimsajili kwotabeki mkongwe Kirk Cousins Machi 2024 kwa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 180, wabashiri wakakifuta kiti cha Atlanta, na mwezi uliofuata Falcons wakamchukua Michael Penix Jr. nafasi ya 8. Mkataba mkubwa hupunguza uwezekano. Hauufikishi sifuri.

Matokeo ya haya yote ni kwamba ubashiri wa kwotabeki una vilima viwili, kimoja juu na kimoja chini sana, na bonde katikati. Kuandika “takriban nafasi ya 25” ni kuandika mahali ambapo huenda pasitokee kitu. Andika hivi: asilimia 45 raundi ya kwanza, 20 ya pili, 35 baada ya hapo. Bonde hilo lina kisiwa kimoja, mwisho wa raundi ya kwanza. Waliochukuliwa ndani ya nafasi 32 huipa timu haki ya kuongeza mwaka wa tano kwenye mkataba, na ndiyo sababu Minnesota walipanda hadi 32 kumchukua Teddy Bridgewater mwaka 2014, na Baltimore wakafanya vilevile kwa Lamar Jackson mwaka 2018.

Saa, futi kamba na daktari

Mbio za yadi 40, yaani mita 36.58, ndizo zinazopendwa na televisheni. Xavier Worthy alikimbia kwa sekunde 4.21 mwaka 2024, rekodi ya Indianapolis, akachukuliwa wa 28. John Ross alikimbia 4.22 mwaka 2017, akachukuliwa wa 9. Tofauti mojawapo ilikuwa mwili: Worthy alipimwa ratili 165 tu, kama kilo 75. Kasi isisomwe bila uzito. Ndivyo Travon Walker wa Georgia alivyopanda mwaka 2022: ratili 272, karibu kilo 123, kwa sekunde 4.51. Takwimu zake za chuoni zilikuwa za kawaida na Aidan Hutchinson ndiye aliyepewa nafasi kubwa kwa miezi, lakini Jacksonville walimchukua Walker wa kwanza.

Urefu wa mkono wa walinzi wa pembeni una mstari wake ambao ofisi nyingi hushikilia: inchi 33, karibu sentimita 84. Will Campbell wa chuo cha LSU alipimwa inchi 32 na sehemu tano za nane mjini Indianapolis, kisha 33 kamili chuoni kwake. Mjadala ukawa mkubwa, wachambuzi wengine wakamhamishia namba ya mlinzi wa ndani, New England wakamchukua wa 4. Mimi husoma mstari wa namna hii kama sababu ya kupanua wigo kuelekea chini, hasa kwa mchezaji ambaye video zake zenyewe zina mashaka.

Daktari ni jambo zito zaidi na ndilo lisiloonekana kutoka nje. Indianapolis madaktari wa timu hukagua wote walioalikwa, na wenye matatizo huitwa tena kabla ya drafti. Mwaka 2016 Jaylon Smith na Myles Jack walitajwa kuwa na kipaji cha nafasi tano za mwanzo. Magoti yakawashusha hadi 34 na 36. Ukisikia ripoti ya kuaminika kwamba timu zinatofautiana kuhusu goti au bega, vuta mkia wa chini wa wigo wake mbali, lakini katikati yake isogeze kidogo tu. Madaktari 31 wanaweza kumkataa mtu, na bado akatoka mapema kwa sababu wa 32 amempitisha.

Mapengo, ziara na maneno ya Aprili

Mapengo ya timu yaandikwe upya baada ya wiki ya kwanza ya soko la wachezaji huru. Ya Januari yameshapitwa. Angalia pia mikataba inayoisha mwaka unaofuata, kwa kuwa mameneja hujaza nafasi mwaka mmoja kabla haijawa wazi. Mashabiki huliona pengo la sasa tu, halafu wanashangaa timu yenye walinzi wawili wazuri inapochukua wa tatu.

Ziara zile 30 hupewa maana kubwa mno. Baadhi ni mazungumzo ya kweli na mchezaji wa raundi ya kwanza. Nyingine ni daktari kutaka kuangalia kifundo tena, au kijana wa raundi ya 7 ambaye hakualikwa Indianapolis. Ishara bora ni nani amesafiri: meneja mkuu na kocha mkuu wakikaa pamoja kwenye siku ya vipimo ya chuo kimoja, hilo lina uzito. Hata hivyo lisomwe kwa tahadhari. Machi 2021 San Francisco walipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3, wakilipa pia nafasi zao mbili za raundi ya kwanza za miaka iliyofuata. Kocha Kyle Shanahan akaenda kumtazama kwotabeki Mac Jones, na minong'ono ikamganda Jones. Waliyemchukua ni kwotabeki mwingine, Trey Lance. Jones alitoka wa 15.

Kila uvumi wa Aprili uulizwe: nani anafaidika? Timu ya nafasi ya 3 inayotaka kuuza nafasi yake itasifia kwotabeki hata kama haimtaki. Wakala atasema mteja wake hapiti 10. Anayemtaka kweli na yuko wa 14 amekaa kimya. Kwa hiyo lililosemwa Februari, kabla biashara haijachangamka, mara nyingi lina ukweli zaidi.

Odi za kampuni za kubeti zinasaidia, ukizisafisha. Odi ya 1.50 ni 1 gawanya kwa 1.50, yaani asilimia 67. Ukijumlisha wagombea wote utapata zaidi ya 100, na ile ziada ni faida ya kampuni, hivyo gawanya kila mmoja kwa jumla hiyo. Mwaka 2022 odi zilimwona Walker kabla ya mikeka mingi. Lakini viwango vya dau kwenye masoko haya huwekwa vidogo, kwa kuwa kampuni zinajua kuna wanaojua jibu, na soko lenye pesa kidogo husukumwa kirahisi. Wiki ya drafti ya 2023 andiko la mtu asiyejulikana mtandaoni lilidai kwotabeki Will Levis atakuwa wa kwanza. Odi zake zikaporomoka, yaani soko likampa nafasi kubwa zaidi, waandishi wakaripoti odi, na ripoti zikaleta pesa zaidi. Bryce Young akawa wa kwanza. Levis alikaa usiku mzima ukumbini Kansas City na kuchukuliwa kesho yake, nafasi ya 33.

Biashara ya nafasi

Hapa ndipo mkeka wa timu kwa timu huvunjika kabisa. Timu nyingi bado huzungumza kwa lugha ya jedwali la thamani ya kila nafasi, lililotengenezwa Dallas Cowboys enzi za kocha Jimmy Johnson, mwanzoni mwa miaka ya 1990: nafasi ya 1 ina pointi 3,000, ya 2 ina 2,600, ya 5 ina 1,700, ya 16 ina 1,000, ya 32 ina 590. Mwaka 2025 Jacksonville walitoka 5 kwenda 2 kumchukua Travis Hunter. Nafasi yao ya 5 na ya 36, yenye pointi 540, zinafika 2,240 tu. Pengo la 360 hadi 2,600 liliachiwa nafasi ya 126 na raundi ya kwanza ya 2026, nao Cleveland wakarudisha nafasi ya 104 na ya 200. Nafasi ya mwaka ujao kwa kawaida huhesabiwa kana kwamba ni ya raundi moja chini. Jedwali hili halikuambii nani atauza, ila linakuonyesha nani anaweza kununua: orodhesha timu zenye nafasi za ziada raundi ya 2 na ya 3, hao ndio wanaopanda.

Ukiwa na wigo wa kila mchezaji, mapengo ya kila timu na uwezekano wa biashara, iache kompyuta iendeshe drafti mara 10,000 na uhesabu. Kisha jipime kwa adhabu: kosa la kila ubashiri lizidishwe kwa lenyewe. Ukisema asilimia 70 na ikatokea, adhabu ni 0.3 mara 0.3, yaani 0.09, isipotokea ni 0.7 mara 0.7, yaani 0.49. Wastani wa adhabu hizo kwa wachezaji 100 unakueleza kuhusu njia yako mengi kuliko majina uliyopatia raundi ya kwanza, ambayo bahati ina mkono mrefu ndani yake.

Baada ya raundi ya 3 acha kubashiri timu. Swali linalojibika ni kama mchezaji atachaguliwa au la, na hapo vipimo vya mwili, uwezo wa kucheza kwenye timu ya mateke (kikosi kinachoingia wakati mpira unapigwa kwa mguu) na umri vinapanda thamani. Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani, alichukuliwa na Philadelphia nafasi ya 233 mwaka 2018 kwa ukubwa na wepesi wa mwili wake. Mkenya Daniel Adongo, naye wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti. Raundi ya 7 timu hupewa dakika 4 tu kwa kila nafasi, na simu huwa nyingi kuliko chaguzi: mameneja huwapigia mawakala wakiwaahidi vijana wao mkataba iwapo watapita bila kuchaguliwa. Wakala mwenye akili wakati huo huomba mteja wake asitajwe, kwa kuwa aliyechaguliwa wa 250 amefungwa na timu moja, na aliyeachwa anachagua mwenyewe wapi ushindani wa namba yake ni mwepesi.